Soya: Chakula cha Mtoto na Chakula cha Udongo

1. Udongo uliochoka

Katika Kivu ya Kusini, sehemu za Walungu na Kabare, watu wameongezeka, lakini vilima ni vilevile. Babu alikuwa na shamba kubwa. Aliwagawia wanawe, na wanawe wakawagawia wana wao. Leo jamaa nyingi zina kipande kidogo tu. Kipande hicho hulimwa kila mwaka, msimu wa kwanza na msimu wa pili, bila kupumzika.

Zamani shamba lililochoka liliachwa liote majani. Ng'ombe walikula majani hayo na kuacha samadi. Siku hizi hakuna nafasi ya kuliacha shamba, na nyumba nyingi hazina tena ng'ombe. Tena mvua za Kivu ni kali. Hupiga mteremko, huchukua udongo mzuri wa juu, na kuushusha mpaka mtoni. Ndiyo sababu mito huwa myekundu wakati wa mvua. Maji hayana rangi ile. Wekundu ule ni mashamba ya watu yanayokwenda zake.

Mkulima akiona mahindi yake ni mafupi na majani yake ni ya manjano, husema: «Udongo umechoka.» Neno lake ni la kweli. Mmea hula, kama vile mtu anavyokula. Mahindi, mihogo na viazi huchukua chakula katika udongo, na mwenye shamba hubeba mavuno nyumbani au sokoni. Kama harudishi kitu, udongo hubaki na njaa.

Na shamba likiwa na njaa, nyumba nayo itakuwa na njaa. Wa kwanza kuumia ni mtoto mdogo.

2. Ugonjwa wa bwaki

Watu wa Kivu wanaujua sana ugonjwa wa watoto unaoitwa bwaki. Mara nyingi humshika mtoto aliyeachishwa ziwa, hasa kama mama yake amepata mtoto mwingine. Miguu yake huvimba. Nywele zake hugeuka rangi, zikawa nyekundu au nyeupe kidogo, tena hung'oka upesi. Ngozi yake hubanduka. Hacheki, hachezi, hataki kula. Mtu asiyejua huweza kusema: «Mtoto huyu ni mnene.» Kumbe si unene, ni maji chini ya ngozi.

Ugonjwa huo uko katika nchi nyingi. Mwaka 1935 mganga mwanamke, jina lake Cicely Williams, aliandika juu yake. Alikuwa akitunza watoto katika nchi iliyoitwa wakati ule Gold Coast, na leo inaitwa Ghana. Aliuita kwa jina alilolisikia kwa akina mama wa huko: kwashiorkor. Walimweleza kwamba ni ugonjwa unaomshika mtoto mkubwa wakati mdogo wake anapozaliwa. Akina mama wale walikuwa wameona vema. Mtoto aliyetolewa kifuani amepoteza maziwa, na maziwa yalikuwa chakula chake cha kujenga mwili. Sasa anapewa bugali wa mihogo na mchuzi kidogo. Tumbo linajaa, lakini mwili haujengwi. Kisha homa au kuhara humjia, naye hana nguvu ya kushindana.

Huko Lwiro, katika Kabare, waganga wametunza na kuchunguza watoto wa namna hii kwa miaka mingi. Huko Bukavu, katika miaka ya 1960, watu waliunda chama cha kupigana na ugonjwa huo, wakakiita Comité Anti-Bwaki.

Wengine husema kwamba bwaki ni uchawi wa jirani au sumu. Neno hili limewaua watoto wengi, kwa sababu jamaa hupoteza siku nyingi wakimtafuta mchawi, huku mtoto akizidi kulegea. Mtoto mwenye miguu iliyovimba apelekwe upesi kwenye nyumba ya waganga. Huko atapewa maziwa maalumu na dawa, kidogo kidogo, kwa saa zake. Chakula cha nyumbani peke yake hakitoshi tena kumponya.

Lakini mtoto ambaye hajaugua anaweza kulindwa nyumbani. Alindwe na nini? Nyama ni ghali. Maziwa ni ghali. Sambaza wa Ziwa Kivu ni wazuri sana, lakini hawapatikani kila siku katika kila nyumba. Maharagi yapo, nayo ni chakula chema. Na yuko ndugu wa maharagi mwenye nguvu kuliko yeye. Jina lake soya.

3. Soya ni nini?

Soya ni mmea wa jamii moja na maharagi, kunde na karanga. Huota kufika magotini au kiunoni mwa mtu. Mabua yake, majani yake na maganda yake yana manyoya laini. Kila ganda lina punje mbili au tatu, za mviringo, mara nyingi za rangi ya manjano.

Asili yake ni China. Watu wa huko wameilima zaidi ya miaka 3000. Leo inalimwa duniani pote. Brazili na Marekani huvuna kuliko nchi zote, na sehemu kubwa ya mavuno yao hulisha kuku, nguruwe na ng'ombe.

Soya ina sifa gani? Wanafunzi waangalie hesabu hii. Katika kilo moja ya unga wa mihogo mna karibu gramu 15 tu za protini, yaani chakula cha kujenga mwili. Katika kilo moja ya mahindi makavu mna karibu gramu 90. Katika kilo moja ya maharagi makavu mna karibu gramu 220. Katika kilo moja ya soya kavu mna karibu gramu 360. Tena soya ina mafuta mengi, karibu gramu 200 katika kilo, na mafuta humpa mtoto nguvu.

4. Wanafunzi katika shamba la soya

Katika shule moja ya Walungu mwalimu wa darasa la tano alifundisha habari hizi zote ubaoni. Wanafunzi waliandika. Lakini kijana mmoja wa mstari wa nyuma akanyosha mkono, akauliza: «Mwalimu, baba yangu anasema soya inanyonya udongo kama mmea mwingine wowote. Sasa itawezaje kuulisha?»

Mwalimu hakumkemea. Akajibu: «Umeuliza vizuri. Tutakwenda kuuliza shamba lenyewe.»

Kesho yake walishuka bondeni kwa mama mmoja mkulima. Soya yake ilikuwa na majuma saba, nayo ilikuwa imeanza kutoa maua madogo. Wanafunzi walimwamkia, naye akawapokea kwa furaha.

«Karibuni, wanangu. Lakini msikanyage mistari.»

Mwalimu akamwomba ruhusa ya kung'oa mimea miwili. Mama akakubali, ila akawazuia wasivute kwa mikono. «Mkivuta, mtaacha udongoni kile mnachokitafuta,» akasema. Akachukua jembe, akachimba pande zote za mmea, akauinua pamoja na udongo wake. Kisha akautikisa polepole ndani ya ndoo ya maji.

Mizizi ilipotakata, wanafunzi waliona vinundu vingi vidogo vya mviringo, vimeshikamana na mizizi kama shanga. Binti mmoja akasema: «Mama, mmea huu una ugonjwa.»

Mama akacheka. «Hata mimi nilidhani hivyo, mwanangu. Mwaka wa kwanza nilitaka kuing'oa yote.»

Mwalimu akachukua kinundu, akakipasua kwa ukucha. Ndani kilikuwa chekundu kidogo, kama nyama. Akapasua cha pili na cha tatu. Vilikuwa vivyo hivyo.

«Angalieni,» akasema. «Hapa ndipo soya inapopikia chakula chake.»

5. Kazi ya vinundu

Mwalimu akawaeleza hivi. Kila mmea unahitaji azoti ili uwe na majani mabichi na punje nzuri. Pasipo azoti hakuna protini. Hewa inayotuzunguka ina azoti nyingi mno: karibu sehemu 4 katika kila sehemu 5 za hewa ni azoti. Lakini mahindi hayawezi kuila azoti ya hewa. Yamesimama katikati ya chakula, huku yakifa njaa, kama mtu mwenye kiu asimamaye kando ya kisima kirefu pasipo kamba.

Soya imepata rafiki wa kuichotea. Katika udongo mna vijidudu vidogo sana, visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo huingia katika mizizi, na mmea huvijengea vyumba. Vyumba hivyo ndivyo vinundu. Humo vijidudu huchukua azoti ya hewa iliyo katika udongo, huigeuza, na kuupa mmea. Mmea nao huvilipa kwa sukari uliyoitengeneza kwa jua. Hakuna anayemwibia mwenzake. Kila mmoja anatoa, na kila mmoja anapokea.

Wataalamu wawili wa Ujerumani, Hellriegel na Wilfarth, ndio walioonyesha jambo hili wazi mwaka 1886. Kabla yao wakulima walijua tu kwamba nafaka hustawi baada ya maharagi, lakini hawakujua sababu.

Kinundu chekundu ndani kinafanya kazi. Kinundu cheupe bado hakijaanza, au hakifanyi kazi. Kinundu cha kijani au cheusi kimekwisha kazi yake. Kwa hiyo mkulima anaweza kulichunguza shamba lake kwa ukucha tu.

Kijana aliyeuliza swali akasema: «Basi, Mwalimu, nitamwambia baba kwamba amekosea.»

«Pole pole,» akasema mwalimu. «Baba yako ana sehemu ya haki. Sikiliza. Wakati wa kuvuna, sehemu kubwa ya azoti huingia ndani ya punje. Mtu aking'oa soya pamoja na mizizi, akachoma mabua na maganda, akauza punje zote, udongo umebaki na nini?»

Wanafunzi wakanyamaza. Kisha binti yule akajibu: «Hauna kitu.»

«Kweli. Hapo soya imeunyonya udongo, kama baba yake alivyosema. Soya hulisha udongo wa mtu anayejua kurudisha.»

6. Jinsi ya kuilima

Mama akawaonyesha shamba lake, naye mwalimu akawaamuru waandike. Waliandika haya.

Mbegu. Wazee husema: Akiba haiozi. Lakini mbegu ya soya, kwa sababu ya mafuta yake, huzeeka upesi. Mbegu ya mwaka mmoja uliopita ni nzuri. Ya miaka miwili mara nyingi haioti. Kwa hiyo ijaribiwe kwanza. Punje 100 zipandwe katika udongo wenye maji. Baada ya juma moja zihesabiwe. Zikiota 80 au zaidi, mbegu ni nzuri. Zikiota 50 tu, mkulima atafute nyingine.

Wakati. Katika vilima hivi msimu wa kwanza huanza mwezi wa Septemba, na msimu wa pili mwezi wa Februari. Soya ipandwe udongo ukiwa umelowa vizuri, si baada ya manyunyu ya kwanza tu.

Mahali. Udongo usiwe wa kinamasi. Penye mteremko, mistari ikate mteremko, isishuke pamoja nao. Juu na chini ya shamba pachimbwe mfereji, na ukingoni paoteshwe majani marefu ya kulisha mifugo. Hivyo maji yatatembea badala ya kukimbia.

Chakula cha kuanzia. Vijidudu huleta azoti, lakini haviwezi kuleta fosfori, na udongo mwingi wa Walungu umepungukiwa na fosfori. Kwa hiyo samadi iliyooza au mbolea ya shimo itiwe katika mistari kabla ya kupanda. Soya isiyopata kitu chochote haitaweza hata kujenga vinundu.

Kupanda. Kati ya mstari na mstari iwe santimetri 40 au 50. Kati ya mmea na mmea iwe santimetri 5 mpaka 10. Punje zifukiwe santimetri 3 tu. Mbegu iliyozikwa mbali sana huoza.

Kupalilia. Mara ya kwanza baada ya majuma mawili, mara ya pili kabla ya maua. Soya changa hushindwa upesi na majani, lakini ikisha kufunika udongo, yenyewe huyashinda.

Kuvuna. Aina nyingi hukomaa katika miezi mitatu au minne. Majani huanguka yenyewe, na maganda hugeuka rangi ya udongo. Hapo mkulima asikawie, maana maganda makavu hupasuka na punje hupotea. Mmea ukatwe chini kwa kisu au mundu. Using'olewe. Mizizi ibaki udongoni. Mimea ianikwe, ipigwe kwa fimbo juu ya turubai au ndani ya gunia, na mabua na maganda yarudishwe shambani au yatiwe katika shimo la mbolea.

Kubadilisha. Msimu unaofuata, mahali pale pale papandwe mahindi. Soya irudi baadaye. Mtu anaweza pia kupanda mistari ya soya kati ya mihogo ambayo bado ni midogo, kwa sababu soya huvunwa kabla mihogo haijafanya kivuli kikubwa.

Mwanafunzi mmoja akauliza kama vijidudu viko katika kila udongo. Mwalimu akajibu kwamba udongo mwingine hauna vijidudu vinavyoipenda soya. Kwa ajili hiyo wataalamu hutengeneza unga wenye vijidudu hai, nao huchanganywa na mbegu kivulini wakati wa kupanda, maana jua huviua. Wako pia wataalamu wa kituo cha IITA, ambacho kina nyumba yake Kalambo karibu na Bukavu. Wamezalisha aina za soya zinazopatana na vijidudu vya udongo wa Afrika. Majina ya aina hizo huanza na herufi TGx. Huko Mulungu, kituo cha INERA nacho huchunguza mbegu zinazofaa vilima vya Kivu.

7. Jinsi ya kuipika

Saa sita mama akawaita wanafunzi uani. Kwanza akawaonya: «Wanangu, soya mbichi msiile. Tena msiisage mbichi na kuitia katika uji.»

Onyo hili ni la maana sana. Soya mbichi ina kitu kinachozuia tumbo kusaga protini. Mtoto anayepewa unga wa soya mbichi huumwa tumbo na kuhara, na chakula kilichotakiwa kumjenga humdhoofisha. Moto huharibu kitu hicho. Basi soya yote, iwe maziwa, iwe unga, lazima ipite motoni vizuri.

Unga wa soya. Punje huchaguliwa na kuoshwa. Hutiwa katika maji yanayochemka, zikachemshwa nusu saa. Hupozwa kwa maji baridi, na husuguliwa kwa mikono ili maganda yatoke. Huanikwa juani mpaka zikauke kabisa. Kisha hukaangwa kwa moto mdogo, zikikorogwa bila kuacha, mpaka zinukie vizuri na kuwa na rangi ya dhahabu. Zisiungue. Mwishoni husagwa. Unga huu uwekwe katika chombo kikavu chenye kifuniko, nao usikae miezi mingi, kwa sababu mafuta yake huchacha.

Uji wa masoso. Jina hili limetokana na mianzo ya majina matatu: ma ya mahindi, so ya sorgo, yaani mtama, na so ya soya. Kwa vikombe vitatu vya unga wa mahindi na mtama huwekwa kikombe kimoja cha unga wa soya. Nafaka na soya husaidiana: kile ambacho protini ya mahindi imepungukiwa, soya inacho, na kile ambacho soya imepungukiwa, mahindi yanacho. Unga huu upikwe mpaka uive kabisa. Uji usiwe maji matupu. Uji mwepesi hujaza tumbo dogo la mtoto bila kumlisha.

Maziwa ya soya. Punje hulowekwa usiku mzima. Asubuhi huoshwa, husagwa pamoja na maji, na huchujwa kwa kitambaa safi. Kisha maziwa huchemshwa dakika 20, yakikorogwa, maana hufurika upesi. Machujo hayatupwi. Hutiwa katika mboga au hupewa kuku, baada ya kupikwa. Maziwa hayo yakigandishwa hutoa jibini ya soya, ambayo wengine huikata vipande na kuikaanga kama nyama.

Mama akasema neno moja zaidi kwa mabinti wakubwa: «Mtoto mchanga asipewe maziwa haya. Kabla ya miezi sita anyonye ziwa la mama yake tu. Baadaye anyonye, tena ale uji. Chakula kisimwondoe kifuani.»

8. Magunia yaende wapi?

Wanafunzi waliporudi walitaka kulima soya katika shamba la shule. Waliipanda mwezi wa Septemba, na mwezi wa Januari wakavuna kilo 40. Hapo ugomvi ukazaliwa.

Vijana wengi walisema: «Tuuze yote. Wachuuzi wa Bukavu wananunua. Tutanunua mpira na madaftari.»

Binti mmoja akasimama. Alikuwa mzaliwa wa kwanza, na nyumbani kwao walikuwapo watoto wawili wadogo waliofuatana. Akasema: «Mwaka jana sisi tuliuza maharagi yote siku ya soko moja. Baba alilipa karo, na hilo lilikuwa jema. Lakini baada ya miezi miwili tulinunua maharagi yale yale, kwa bei mara mbili. Kisha fedha zikaisha, tukala bugali na sombe tu. Mdogo wangu akavimba miguu. Alilala majuma matatu kwa waganga. Fedha zilizotumika zilikuwa nyingi kuliko karo.»

Darasa likanyamaza. Mwalimu hakuamua peke yake. Akachora ubaoni mafungu matatu, akawaambia wahesabu wenyewe. Baada ya kushindana kwa muda mrefu walipatana hivi: kilo 5 ziwekwe kwa mbegu, kilo 15 zisagwe kwa uji wa shule na kwa watoto wadogo wa nyumba zenye shida, kilo 20 ziuzwe. Mpira ulinunuliwa, lakini madaftari yalipungua kidogo. Wengine walinung'unika.

Mwezi wa Februari walipanda mahindi mahali palipokuwa na soya. Kando yake wakapanda mahindi mengine mahali pasipolimwa soya, ili wapate kulinganisha. Baada ya majuma sita waliyapima. Mahindi yaliyofuata soya yalikuwa na majani mabichi zaidi na mabua manene. Tofauti haikuwa kubwa mno, lakini kila mtu aliiona, hata wale walionung'unika. Kijana wa mstari wa nyuma akamleta baba yake. Mzee akatembea kati ya mistari, akashika jani hapa na jani pale, akauliza: «Mizizi mliiacha?»

«Ndiyo, baba.»

«Na mabua?»

«Tuliyarudisha, baba.»

Mzee akatikisa kichwa kukubali. Akasema: «Basi, mwana, mwakani unionyeshe kwenye kipande chetu cha juu. Lakini kile kidogo kwanza.»

Alisema kwa akili. Mkulima mwema hajaribu kitu kipya kwa shamba lake lote siku moja.

9. Ya kushika moyoni

Soya hulisha mtoto kama imepikwa vizuri, na kama sehemu yake imebaki nyumbani. Soya hulisha udongo kama mizizi imebaki shambani, na kama mabua na maganda yamerudi. Mambo mawili haya ni sheria moja: usichukue vyote. Anayechukua vyote leo, kesho atakuta shamba tupu na chungu kitupu. Anayeacha sehemu, kesho ataikuta imezaa.

Maneno ya kueleza

Azoti: sehemu kubwa ya hewa; mmea hauwezi kuota vizuri pasipo hiyo.
Bwaki: ugonjwa wa mtoto asiyepata chakula cha kujenga mwili, miguu huvimba.
Kinundu: uvimbe mdogo wa mviringo katika mizizi.
Machujo: yanayobaki katika kitambaa baada ya kuchuja.
Protini: sehemu ya chakula inayojenga mwili.
Samadi: mavi ya mifugo yanayotiwa shambani.

Maulizo

1. Kwa nini mito ya Kivu ni myekundu wakati wa mvua?
2. Eleza dalili nne za bwaki. Mtoto mwenye dalili hizo apelekwe wapi?
3. Kwa nini mama alikataza kuvuta mmea kwa mikono?
4. Vijidudu vinaipa soya kitu gani? Soya inavilipa nini?
5. Kinundu kinachofanya kazi kina rangi gani ndani?
6. Baba wa kijana alisema soya inanyonya udongo. Ni wakati gani neno lake ni kweli?
7. Kwa nini soya mbichi isitiwe katika uji?
8. Je, darasa liligawa mavuno vizuri? Wewe ungeyagawaje? Toa sababu zako.

Hesabu

1. Mwanafunzi alijaribu punje 100, zikaota 85. Katika kilo 4 za mbegu hiyo, ni gramu ngapi hazitaota?
2. Mstari una urefu wa metri 20. Mimea imeachana kwa santimetri 10. Mstari una mimea mingapi, kama mmea wa kwanza na wa mwisho iko kwenye ncha za mstari?
3. Mama anataka vikombe 12 vya unga wa masoso. Ataweka vikombe vingapi vya soya?
4. Kilo moja ya soya kavu ina gramu 360 za protini. Kilo 15 zina gramu ngapi? Hizo ni kilo ngapi na gramu ngapi?

Kazi ya mikono

Chimbeni mmea mmoja wa maharagi, mmoja wa soya na mmoja wa mahindi. Osheni mizizi katika maji. Tafuteni vinundu, mvihesabu, na kupasua vitano vya kila mmea. Andikeni katika daftari mlichokiona. Kisha rudisheni mimea yote shambani.